Udongo Uliokwisha Kuungua

Kija aliujua udongo kama watoto wengine wanavyojua nyimbo. Bibi yake, mama mzaa baba, alimfundisha angali mdogo, anatembea pekupeku nyuma ya ndama. Udongo wa mtoni hupasuka, alisema bibi. Mwekundu wa shambani huchafua nguo. Lakini wa kichuguu, ule ambao mchwa wameutafuna na kuutema, ukikandika nao ukuta leo, mwakani utaukuta palepale. Kwa hiyo Jumatano ile mwalimu wa zamu alipoomba wasichana wanne wa kuleta udongo wa kukandika jiko la shule, mkono wa Kija ulikuwa juu kabla hajafikiri.

Alikuwa na wiki tatu tu shuleni hapo. Baba yake, Luhende, alikuwa amepandisha ng'ombe kutoka bonde la Ziwa Rukwa kufuata majani, akamwombea binti yake uhamisho wa kidato cha pili katika sekondari ya kata, pale kata ya Kizwite inapoishia na mashamba ya mahindi na ulezi kuanza. Shule ilikuwa na jina lake rasmi kwenye ubao wa getini, lakini watu wote waliiita Kwa Alfonsi, kwa sababu mzee Alfonsi ndiye aliyetoa eneo mwaka ule kila kata ilipokuwa inajenga sekondari yake. Wazazi walibeba mawe kwa vichwa, akina mama wakachota maji, na darasa la kwanza likaanza kusomewa kabla halijaezekwa. Jumamosi hiyo shule ilikuwa inatimiza miaka ishirini. Ndiyo maana mawe ya njiani yalikuwa yanapakwa chokaa, kwaya inafanya mazoezi hadi sauti zinakauka, na jiko linakandikwa.

Kija alitaka sana kufaa. Siku ya kumpeleka shule baba yake alimwambia neno moja, tena bila ukali, huku anakamua maziwa.

"Mimi na shule hatuna ugomvi, mwanangu. Ila hapa tuko ugenini. Siku nitakayoitwa kwa kosa lako, siku hiyohiyo utarudi nyumbani. Sitakuwa na pa kuweka uso wangu."

Angefoka, Kija angedhani ni hasira ya siku moja. Lakini aliendelea kukamua, na Kija akajua kwamba amemaanisha.

Nyuma ya uwanja wa mpira palikuwa na mteremko wenye vichaka. Wenzake watatu walianza kuchimba kichuguu kidogo kando ya njia, kilichokwisha kuchimbwa na kila mtu. Kija akaangaza macho mbele zaidi. Pale kwenye vichaka kilisimama kikubwa, kirefu kupita mtu mzima, kimefunikwa na nyasi na mimea inayotambaa, na juu kabisa kimeota kijiti. Cha siku nyingi, aliwaza kwa furaha. Udongo wa pale utashika hata mvua ije na mawe.

Ulikuwa mgumu. Jembe liliruka mara mbili. Mara ya tatu lilitoa sauti ya kitu chenye uwazi, kama mtungi uliogongwa, na pigo la nne likaangusha ubavu mzima kwa ndani. Tundu jeusi likamtazama. Harufu ya masizi ya kale ikatoka. Kija akadhani mchwa wamehama. Akavunjavunja mabonge kwa kisogo cha jembe, akajaza ndoo, akaipeleka jikoni, akarudi kujaza ya pili.

Hapo ndipo Leonia, mmoja wa wale watatu, alipomkuta. Leonia ndiye aliyeketi naye dawati moja. Siku ya kwanza, kabla mwalimu hajasema mgeni akae wapi, Leonia alisogea na kupangusa nafasi kwa kiganja chake, na Kija hakuwa amesahau.

"Kija, umechimba wapi?"

"Hapa. Hiki kikubwa."

Leonia alitazama tundu. Ndoo ikamponyoka mkononi.

"Mama yangu wee. Hicho siyo kichuguu."

"Ni nini sasa?"

"Ilungu."

"Ilungu ndiyo nini?"

"Tanuru! Tanuru la wazee wetu. Humo ndimo Wafipa walimoyeyushia chuma, wakapata majembe, kabla hata ya mababu wa babu zetu. Mengine yote yameanguka, limebaki hili." Leonia alikuwa ananong'ona kana kwamba kitu kile kina masikio. "Mzee Alfonsi alitoa eneo lote akaweka sharti moja tu, lisiguswe. Jumamosi wageni wataletwa kuliona. Mwalimu Eustaki ameandika historia yake tangu Januari. Kija, picha yake iko kifuani mwako!"

Kija aliinamisha kichwa akaangalia nembo kwenye sweta lake. Wiki tatu zote alidhani ni mtungi wa maji.

"Na bibi yangu alisema mwanamke halikaribii," Leonia akaongeza. "Waliolikaribia..." Hakumalizia.

Walivuta mimea wakafunika tundu. Kisha wakarudi jikoni, kwa sababu wenzao walikuwa wanawaita, na kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda.

Alipotia maji na kuanza kukanyaga, Kija alisikia kwa nyayo zake kwamba mambo si sawa. Udongo wa ndoo zake haukunata. Ulikuwa unakwaruza kama vigae vya chungu, na ndani yake mlikuwa na vipande vyeusi vinavyong'aa. Akauchanganya na wa wenzake, akakandika ukuta wote wa nyuma ya majiko, akaulainisha kwa kiganja. Mama Fortunata, mpishi, alisema umependeza, akawakatia ukoko wa ugali. Kija aliutafuna bila kujua ladha yake.

Alhamisi asubuhi ukuta ulikuwa na nyufa.

Kufika mapumziko ya saa nne nyufa zilikuwa zimepanuka, na bamba la ukubwa wa sahani likaanguka juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage. Wavulana waliokuwa kwenye foleni ya uji wakashangilia.

"Oya, jiko linaanguka kabla ya sherehe!"

"Fundi nani?"

"Fundi katoka bondeni, mshikaji! Kule wanakandikia maziwa!"

Kila mtu alicheka, na Kija akajilazimisha kucheka pia, maana asiyecheka ndiye hutazamwa. Mama Fortunata hakucheka. Aliokota kile kipande, akakisugua kwa kidole gumba, akakitia mfukoni mwa aproni yake. Halafu akamtazama Kija. Ilikuwa kitambo kifupi tu, na Kija akarudi nyuma ya foleni.

Saa nane mchana mwalimu Eustaki aliteremka na wanafunzi wenye mafyekeo kwenda kusafisha njia ya wageni. Mwalimu Eustaki alifundisha Historia kwa kutembea huku na huku, mikono ikiruka. Kija alimwona dirishani akirudi, na mikono ile ilikuwa imelala. Baada ya dakika chache kengele ililia, ile rimu ya gari inayogongwa kwa chuma, saa isiyo yake. Mstarini watu mia nne walisimama kimya. Kija alihesabu mishono ya sweta la mwenzake wa mbele, akarudia, akarudia tena.

Mkuu wa shule, mwalimu Redempta, hakupandisha sauti. Alisema ilungu limebomolewa. Alisema amani ya shule hii na wazee wa hapa ilisimama juu ya kitu kile. Kisha akasema, "Tumekuta kwato. Ni ng'ombe waliojikuna hapo. Wenye ng'ombe wameitwa kesho saa nane."

Ng'ombe! Kija alivuta pumzi, na kwa muda wa pumzi ile moja alikuwa ameokoka. Halafu akakumbuka ni ng'ombe wa nani wanaopita mteremko ule kwenda kunywa maji. Leonia, bila kugeuza uso, akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa Kija na kuushika mpaka waliporuhusiwa kutawanyika.

Barua ilifika nyumbani kabla yake. Baba alikuwa ameiweka juu ya gogo, ameikandamiza na kikombe isipeperuke, anamsubiri. Yeye hakujua kusoma, na hilo ndilo lililomfanya ang'ang'anie shule ya binti yake.

"Nisomee, mama," alisema. Alimwita mama kila alipomhitaji.

Kija alisoma. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema uharibifu, na mifugo, na hatua zinazostahili. Baba alisikiliza akijikuna shingo.

"Sikumbuki kuwapitisha karibu hivyo," alisema mwishowe. "Labda yule dume mwekundu. Yeye akiona kitu kimesimama lazima akijaribu." Akanyanyuka, akatwaa fimbo, akaenda zizini. Kija alisikia fimbo ikilia mgongoni mwa yule dume mara tatu. Baba aliporudi alisema kwa upole, "Kesho nitakubali. Tukikataa watasema wageni tumekuja kuharibu na ubishi juu. Nitawaomba radhi. Wakisema tuhame, tutahama."

"Kuhama kwenda wapi?"

"Sijui, mama."

Kinywa cha Kija kilifunguka. Neno lilikuwa palepale juu ya ulimi. Lakini aliona kamba ya ndama mkononi mwa baba na akaiona siku yake ya kesho na zote zinazofuata nyuma ya ndama wale, akafunga kinywa.

Ijumaa Leonia alikuja shuleni na macho yaliyovimba. Hakugusa uji. Alisema hatamwambia mtu hata wamchape, ila tangu Jumatano akila chakula hakishuki. "Nikifumba macho naliona lile tundu," alisema. "Mimi niligusa majani tu, Kija. Unadhani majani nayo yanahesabiwa?"

Kija aliona tu kwamba rafiki yake amekonda kwa siku mbili kwa jambo ambalo si lake, na kwamba baba yake muda huu anapiga pasi ya mkaa shati lake la kanisani ili akakubali kosa ambalo si lake.

Saa nne na nusu mama Fortunata alimwita jikoni. Kija aliingia kama anayeingia kisimani. Ukuta ulikuwa umekandikwa upya wote, laini, bado una unyevu. Mpishi alikuwa amekuja alfajiri na udongo wake mwenyewe. Alifunika sufuria, akatoa juu ya rafu kopo la mafuta ya kupikia, akalitikisa mbele ya Kija. Vipande vyeusi vikalia ndani.

"Nimevitoa kimoja kimoja," alisema. "Mavi ya chuma haya, taka za tanuru. Nimekandika majiko tangu nikiwa mwali, binti yangu. Udongo uliokwisha kupita motoni haushiki tena, hata uuombe."

"Mama umejua tangu lini?"

"Tangu jana, lile bamba lilipoanguka."

"Mbona hukusema?"

"Mimi niseme nini? Mwenye maneno si wewe?" Akachota uji kikombe kizima, wa ulezi, wenye sukari ya walimu. "Kunywa. Mtu haendi kusema jambo kama hilo na tumbo tupu, utaanguka mbele za watu tubebe mawili."

Kija alikunywa akilia. Mama Fortunata alijifanya anachochea kuni hadi alipomaliza, kisha akamfuta pua kwa pindo la khanga yake, akampa lile kopo.

Kikao kilikuwa barazani mbele ya ofisi. Saa nane, akiwa na kopo lake, Kija aliomba ruhusa kwenda nje, na mwalimu wa Hesabu akadhani anakwenda chooni. Njia ile ilikuwa ya hatua sitini. Aliwaona wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mkuu wa shule alikuwapo, na mwalimu Eustaki, na mtendaji wa kata, na katikati mzee Alfonsi na koti lake zito, mikono miwili juu ya fimbo. Baba yake ndiye pekee aliyesimama. Shati lake lilikuwa na alama ya pasi mgongoni. Kofia ilikuwa mkononi.

"Wazee wangu," baba alikuwa anasema, "ng'ombe ni mnyama, ila mwenye ng'ombe ni mimi. Kama amegusa kitu chenu cha heshima, basi nimegusa mimi. Nimekuja kuinamisha kichwa."

"Shikamooni," alisema Kija.

Sauti ilitoka nyembamba mno, hakuna aliyegeuka. Akasema tena. Safari hii waligeuka wote pamoja, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe, unafanya nini hapa?" aliuliza mkuu wa shule. "Rudi darasani."

"Si ng'ombe, mwalimu." Aliinua kopo walione. "Ni mimi. Nilidhani kichuguu. Nilichimba Jumatano, udongo wa jiko. Leonia hakuchimba, alikuja baadaye. Na baba hajui. Ng'ombe hawakufanya kitu. Ni mimi peke yangu."

Aliweka kopo chini, kwa sababu hakuweza tena kulishika, na vipande vikagonga bati.

Baba aligeuza kofia mara moja, polepole, kisha akaivaa kama mtu aliyemaliza maneno. Kija aliogopa kofia ile kuliko fimbo yoyote.

Mtendaji ndiye aliyeanza. "Mtoto wa mfugaji, tena! Siku tatu ananyamaza, kijiji kizima kinahaha." Mkuu wa shule alisema shule ina taratibu zake, mwanafunzi aliyeharibu na kuficha ataitiwa bodi. Mzee Alfonsi aliinua kidole kimoja, wote wakanyamaza.

"Anionyeshe," alisema.

Walishuka mteremko polepole kwa mwendo wa mzee. Pale kwenye ilungu alimpa mwalimu Eustaki fimbo yake, akapiga magoti kwa shida, akaingiza mkono wote hadi begani katika lile tundu. Alikaa hivyo muda mrefu. Upepo wa Mei ulikuwa unapuliza nyasi. Kija alikuwa anasubiri kitu kimvute mzee ndani, au kitoke kimfuate yeye.

"Lililia vipi ulipolipiga?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Kama mtungi, babu. Mtungi mtupu."

"Mtungi mtupu." Alitoa mkono, mweusi tii. "Baba yangu alinileta hapa nikiwa na miaka saba. Naye hakuwahi kuona ndani. Wala baba yake. Sisi tulilizunguka tu, tukilifyekea." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na Kija akatambua kwa mshtuko kwamba mzee huyu amekasirika mno, na kwamba anajizuia kwa nguvu zake zote. "Kwa nini ulidhani kichuguu?"

"Udongo wake, babu. Ni wa mchwa. Ulikuwa wa mchwa."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Nani amekufundisha?"

"Bibi."

"Walilijenga kwa udongo wa kichuguu," mzee alisema, kama anamwambia mwalimu Eustaki. "Kweli. Waliubeba kutoka mbali. Watoto wangu wenyewe hawalijui hilo." Akashika bega la mwalimu, akainuka. "Halitazibwa. Ulioungua haushiki, na tukibandika matope kesho tutakuwa tunawadanganya wageni. Kesho saa tatu binti huyu asimame hapa. Kila mgeni atakayekuja, yeye ndiye atakayemwambia hiki ni nini, kilifanya kazi gani na nani amekivunja. Jina lake alitaje yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo adhabu yangu. Mwalimu Redempta, ya kwako utajua na bodi yako, ila mimi nimemaliza, na mwenye kitu ni mimi."

Mkuu wa shule aliangalia nyasi, akakubali kwa kichwa.

Baba alikohoa. "Mzee, mimi nilikwisha kumwambia. Akikosa, anarudi nyumbani."

"Atarudi nyumbani jioni," alisema mzee Alfonsi, "kama watoto wote."

"Asante, babu," Kija alianza.

"Usinishukuru. Bado nina hasira, na nitakaa nayo hata Krismasi. Keti hapo. Una mambo mengi ya kujua kabla ya kesho."

Alimfundisha hadi jua likainama: namna moto ulivyokaa siku na usiku, namna upepo ulivyoingia kwa matundu ya chini, na kwamba wanawake walikaa mbali wakati wa kuyeyusha tu. Leonia, aliyekuwa amejibanza nyuma ya kichaka, aliposikia hilo la mwisho alitoka na kuuliza kama majani yanahesabiwa. Mzee hakuelewa swali, lakini alijibu hapana.

Kija na baba yake walirudi nyumbani. Baba alitangulia, na yeye alitazama alama ya pasi mgongoni mwake akiogopa kuuliza. Walipofika karibu na zizi baba alisimama.

"Dume nimempiga bure jana," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Fimbo tatu."

"Nilizisikia."

Baba alisimama bado, akimtazama mnyama juu ya miti ya zizi. "Na Jumatatu?" Kija aliuliza.

"Jumatatu si siku ya shule?" alisema baba, akaingia kumpa dume yule chumvi.

Jumamosi kwaya ilipomaliza, wageni walianza kuteremka. Wengine walikuwa na suti, wengine walikuwa wa darasa la kwanza lile lisilo na paa, sasa wana watoto mgongoni. Kija alikuwa amesimama pale tangu saa mbili. Mzee Alfonsi alikuwa ameketi kitini pembeni, amempa mgongo, masikio wazi. Mama mmoja mnene alifika wa kwanza, akahema, akachungulia tundu.

"Ehe, binti. Hiki nacho ni nini?"

Kija alisahau yote. Maneno yote ya jana yaliondoka mara moja, akabaki anaangalia viatu vya yule mama. Mama akasubiri. Hakuharakisha wala hakugeuka kwa wenzake, aliweka tu mkoba wake chini kama mtu mwenye siku nzima.

"Shikamoo, mama," Kija alisema. "Naitwa Kija Luhende, niko kidato cha pili. Hili ni ilungu. Ni mimi niliyelivunja."

Halafu akaanza kueleza wazee wale walikotoa udongo.